Mshika Kamba Haitikii Salamu

Sogeeni karibu, na walio nyuma wasogee pia, maana habari za huyu mama hazisemwi kwa kelele. Mtaani wanamwita Mama Kamba. Ukipita mbele ya nyumba yake jioni atakuita, atakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za goti lako lililokuwa linakuuma mwezi uliopita, mpaka ukumbuke kwamba ulikuwa unakwenda dukani na duka linakaribia kufungwa. Lakini mkute kazini, mdomo wa kisima uko mbele yake na kamba iko mikononi. Hapo hata ukimwambia nyumba yake inaungua, hageuki. Wapo waliomsalimu mara tatu wakaondoka wamenuna.

"Yule mwanamke ana maringo," husema. "Na kazi yenyewe kushika kamba!"

Si maringo. Ni hofu.

Mumewe ni fundi wa visima. Jina lake la mtaani ni Fuko, kwa sababu kama yule mnyama, kutwa yuko chini ya ardhi na jioni anatoka na udongo puani. Ni mtu mfupi, mwembamba, na ni mwoga. Msicheke, hata mwenyewe hafichi. "Mchimba kisima asiye mwoga," husema, "ni marehemu ambaye bado hajaambiwa." Kila asubuhi kabla ya kushuka huenda chooni mara mbili, mara nyingine tatu, na mwenzake wa kazi humsubiri na utani wake mkononi.

"Kaka, wewe maji unayo mwenyewe. Tunachimba ya nini?"

Mwenzake huyo anaitwa Kreni. Mabega yake ni mapana kama mlango, na kazi yake ni kuzungusha winchi inayopandisha ndoo ya udongo. Kwenye kazi hii kuna kamba mbili. Ya kwanza ni nene, ya ndoo, na hiyo ni ya Kreni. Ya pili ni nyembamba, imefungwa kiunoni kwa aliye chini, inapita juu ya bomba lililolazwa mdomoni mwa kisima, na kuishia kwenye vidole vya mtu aliyekaa juu. Hiyo ndiyo ya kuzungumzia. Mvuto mmoja maana yake nipo. Miwili, nilegezee kamba. Mitatu, nitoe. Na mshika kamba akiuliza kwa mvuto mmoja asijibiwe, asisubiri wala asiite. Avute.

Mimi na wewe tunadhani hatari ya kisima ni kuporomoka. Ipo, ila udongo una adabu kidogo, unaanza kwa kudondosha punje mbili tatu, unakupa nafasi ya kupiga kelele. Kinachoua bila kubisha hodi ni hewa mbaya. Haina rangi, mara nyingi haina harufu. Ni nzito, inalala chini kama maji ndani ya sufuria. Mtu anaivuta, magoti yanalegea, anahisi usingizi mtamu, anasema ngoja nikae kidogo nipumzike. Akishakaa, basi. Ndiyo maana kila asubuhi wanateremsha kwanza mshumaa ndani ya kopo. Ukizimika, hakuna kazi. Lakini mshumaa unatoa habari za asubuhi tu. Haujui kitakachotokea saa nne sururu ikipasua tabaka lililokuwa limefungia hewa yake tangu enzi za babu zetu.

Kabla ya Mama Kamba, kamba ile ilishikwa na mdogo wake Fuko. Mtu mzima, ana mke na watoto, mchangamfu kupita kiasi. Wakampa jina la Redio. Redio alikuwa anajua kila mtu. Alishika kamba huku anaulizia ndoa ya huyu na mazishi ya yule, na kazi ilikwenda hivyo miaka mitano bila neno.

Siku moja walikuwa wanachimba kwenye uwanja wa shule. Akapita mwalimu wao wa zamani, mzee, kashika bakora yake. Redio akainuka kumwamkia. Na wewe unajua, mzee hamkiwi kwa mkono mmoja huku wa pili uko kazini. Redio akaikanyaga kamba kwa mguu, akatoa mikono yote miwili, akainama kwa heshima. Wakati ameinama kamba ikavutwa mara tatu. Unyayo si kidole. Redio alisikia miwili. Akasogeza mguu, akamlegezea kaka yake kamba.

Kreni ndiye aliyeona kamba inakwenda tu, inakwenda, haina mwisho, kama inamezwa. Wakamvuta Fuko wakamtoa na uso umejaa tope. Alitapika siku mbili.

Hakumpiga mdogo wake wala hakumtukana. Alimwambia, "Nenda ukatafute kazi yenye watu." Halafu akamshika Kreni bega. "Mama asijue. Huyu ni kitinda mimba wake. Akijua nusura mmoja amuue mwenzake, hatalala tena."

Wakakubaliana hivyo, na siri ikaingia kaburini kabla ya mwenyewe.

Jioni ile Mama Kamba, ambaye wakati huo hakuwa na jina hilo, alikuwa kwenye cherehani yake anashona sare za shule. Fuko akaja akasimama mlangoni, macho bado mekundu.

"Nataka wewe ushike kamba."

"Mimi? Mshona magauni?"

"Vidole vyako vinajua uzi unataka kukatika kabla haujakatika. Nimekuona."

"Mtaa mzima umekosa mwanaume?"

"Wanaume wapo. Lakini nikifa watakuja matangani, watakula, watakwenda zao. Nataka mtu ambaye nikifa atalala peke yake."

Alimrushia kibiringo cha uzi kikampata kifuani. Wakacheka wote wawili. Baadaye, Fuko alipokuwa anaoga, mama huyu alikaa mbele ya mashine bila kukanyaga pedali.

Siku ya kwanza aliona mume wake anashuka, kichwa kinapungua, kofia inakuwa kama sarafu, halafu giza likaifunika. Mtu wake mzima, mwenye kilo zake sitini na kukoroma kwake na tabia yake ya kuacha ndala katikati ya mlango, alibaki kuwa uzito mdogo juu ya vidole viwili. Akauliza kwa mvuto mmoja. Akangoja. Kungoja kule ni kufupi, hakufiki pumzi mbili, ila ndani yake alishamzika, akawavua watoto sare, akarudisha vyombo vya watu vya msiba. Kisha mvuto mmoja ukaja kutoka chini, mkali, mfupi. Nipo. Kila ndoo iliyopanda aliuliza hivyo, na kila mara alimzika upya. Kwa siku ni ndoo sitini, wakati mwingine themanini.

Alidhani atazoea. Hakuzoea. Kitu pekee alichojifunza ni kutofungua mdomo. Siku moja alijaribu kumjibu mwuza maji, neno moja tu, "salama," na katika neno hilo vidole vilikufa ganzi, hakujua kama kamba imesema au haijasema. Tangu hapo, akishika kamba ni bubu.

Watu wa nje walinuna wakasahau. Ambaye hakusahau ni mama mkwe.

Huyu alikuwa ameambiwa tu kwamba Redio ametoka na mke wa Fuko ameingia. Akajumlisha mwenyewe. "Amemtoa mwanangu," alisema kwa majirani. "Haimtoshi kumtawala mume juu ya ardhi, anataka amtawale na chini." Maneno yakafika, maana maneno hayana nauli. Mama Kamba akamwangalia mumewe. Fuko akaangalia chini. Yeyote kati yao, maana mke naye alishaambiwa, angeweza kusema neno moja mambo yakaisha, ila neno lenyewe lingemvunja mama yao. Kwa hiyo mama mkwe akakata mguu. Miaka miwili hakukanyaga pale. Wajukuu walikwenda kumsalimu kwake, mkwe hakwenda.

Sasa twende uani kwa mwoka mikate.

Ilikuwa kiangazi kirefu, mabomba yametoa hewa wiki nne, na mwoka mikate alikuwa na kisima cha zamani kilichokauka, mita kumi na tano. Alitaka wakiongeze mita tatu. Mama Kamba hakukipenda tangu alipokiona. Visima vya zamani ni vibaya. Watu hutupia ndani magunia, mizoga, kila walichotaka kukisahau. Alidondosha kokoto, akasikia sauti yake imechelewa kurudi, na ilirudi nene, kama kikohozi.

"Hiki hakinipendezi," alimwambia mumewe.

"Kuna kilichowahi kukupendeza?"

"Hiki zaidi."

Fuko hakumtania tena. Aliteremsha mshumaa mara mbili badala ya moja. Ulisimama wima, ukawaka. Ndani ya ua kulinukia mikate ya asubuhi. "Leo nikifa," akasema huku anajifunga kiunoni, "nitakuwa nimeshiba harufu." Hakuna aliyecheka, hata Kreni. Akashuka.

Siku mbili za kwanza zilipita salama. Siku ya tatu, kwenye saa nne, udongo unaopanda ulibadilika ukawa mweusi, wenye kung'aa, kama uliopakwa mafuta. Mama Kamba aliuona Kreni alipoumwaga. Akauliza kwa kamba. Nipo, ikajibu. Ndoo ikashuka, ikajazwa, ikaanza kupanda.

Hapo Kreni, mikono iko kwenye mpini wa winchi, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, usigeuke. Mama amekuja."

Majirani wa mama mkwe walikuwa wamemsema muda mrefu: wewe ni mkubwa, nenda, umalize. Akachukua mwavuli wake, akavaa nguo ya kutokea, akaulizia mtaa kwa mtaa mpaka akafika kwenye lango la mwoka mikate. Alikuwa amekuja kwa nia njema. Lakini mkubwa hawezi kuamkia mdogo kwanza. Alihitaji kitu kimoja tu, aamkiwe na mkwewe. Mengine yote alishayasamehe njiani.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mama! Shikamoo!" Kreni akaitikia kwa sauti ya kutosha watu wawili.

"Marahaba, mwanangu." Halafu akamgeukia mkwewe, anangoja.

Mama Kamba alimpa mgongo. Alikuwa ameketi kwenye kigogo, mguu mmoja umekanyaga ukingo wa kisima, macho yako kwenye bomba pale kamba inapopinda kushuka. Alisikia kila kitu. Alisikia hata mwavuli ukifungwa. Shingo yake ilitaka kugeuka yenyewe, kama shingo ya mtoto aliyeitwa na mamaye.

Mama mkwe akangoja. Mwoka mikate alitoka na unga mikononi kuona kuna nini.

"Haya," mama mkwe akasema, "dunia imegeuka, basi nitaanza mimi. Habari za hapa, mkwe wangu?"

Macho ya mkwe hayakuondoka kwenye bomba.

"Mama," Kreni akasema huku anazungusha, jasho linamtoka, "akiwa na kamba haongei. Hata mimi ananinyima."

"Wewe ni mama mkwe wake?"

"Hapana, mama, ila..."

"Basi usijilinganishe. Mwanangu alishika kamba hii hii miaka mitano. Hakuna aliyepita bila kuamkiwa. Alikuwa anainuka! Mikono miwili!"

Kreni akafumba macho. Mama Kamba aliuma mdomo wake wa chini. Vidole vikauliza: mvuto mmoja.

Pumzi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Mama mkwe alikuwa amesogea, sasa yuko pembeni yake, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa mbele ya uso wa mkwewe, mkono mzee wenye pete nyembamba, unangoja kupokewa.

Kamba ikajibu. Miwili.

Nilegezee.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Sheria ni sheria. Fuko alimfundisha: "Usifikiri. Ukianza kufikiri umeshachelewa. Miwili legeza, mitatu vuta." Mikono yake ilishaanza kulegeza, kamba ilishasogea upana wa kidole. Lakini vidole havikukubali. Mvuto wa mtu una mwanzo na mwisho. Anakamata, anavuta, anaachia. Hii miwili haikuachiwa. Ilikuja polepole, ikaongezeka, ikatulia, ikaongezeka tena. Ni kama pale kitambaa kizito kinapoteleza mezani chenyewe kwa uzito wake, nawe uko upande wa pili unahisi kinakuponyoka. Huyu hakuwa anaomba kamba. Huyu alikuwa anaketi.

Na kama amekosea? Ndoo ya Kreni iko katikati ya kisima, imejaa tope. Fuko wakati huo anatakiwa awe amejibana ukutani. Akimvuta ghafla bila sababu atamyumbisha, atamweka chini ya ndoo ile. Akimwacha na sababu ipo, amekwisha.

Alivuta.

Kamba ilikaza ikasimama. Haikupanda hata kidogo.

"Kreni!"

Lile lilikuwa neno la kwanza kumtoka akiwa na kamba tangu siku ya mwuza maji, na Kreni alilielewa lote.

"Siwezi kuiacha!" akapiga kelele. Winchi yao ilikuwa ya kuchomelea mtaani, haikuwa na breki. "Nikiiacha ndoo inamwangukia!"

"Imalize! Imalize haraka!" Mguu wake ulikuwa umesukuma ukingo, mgongo umelala nyuma karibu uguse ardhi, na kamba ilikuwa inamchana viganja. Mkono ule wenye pete ulikuwa bado uko hewani mbele yake. "Mama! Kamata hapa! Nyuma yangu, kamata!"

Mwavuli ukaanguka. Mama mkwe hakuuliza kamata nini. Alikaa chini mavumbini na nguo yake ya kutokea, akaikamata.

"Nani yuko huko?"

"Mwanao."

Wakavuta. Kitu kiling'ang'ania chini, ni mguu uliokuwa umezama kwenye tope jeusi, hili walilijua baadaye. Wakati ule walijua tu kwamba ardhi imemshika na haitaki kumtoa. Mama Kamba alisikia nyuma yake sauti, alidhani mama mkwe analia, kumbe anahesabu, "Moja, mbili, vuta! Moja, mbili, vuta!" kama mtu anayekoboa nafaka kinuni. Kwenye mvuto wa nne kamba iliachia ghafla, wakarudi nyuma wote wawili, kisha uzito ukaja. Uzito wote. Mtu asiyejisaidia ni mzito kuliko jiwe.

Urefu wa mkono mmoja. Wa pili. Wa tatu. Mama Kamba alikuwa anakumbuka kitu kimoja tu: hewa mbaya inalala chini. Akimnyanyua mita mbili atakuwa amempandisha juu yake, hata kama hamfikishi. Wa nne. Kamba ilikuwa inateleza kwa damu. Wa tano. Wakaishiwa nguvu. Wakabaki wamekaa, miguu yote minne kwenye ukingo, wamemning'iniza mwanaume katikati ya giza, na hakuna aliyeweza kuvuta tena wala kuachia.

"Usiachie, mwanangu," mama mkwe akasema sikioni mwake. "Usiachie, usiachie, usiachie."

Ndoo ikagonga juu. Kreni aliitupa pembeni na tope lake, akairukia kamba kwa mikono yote. Mwoka mikate naye akashika. Fuko akapanda haraka sasa, anagonga huku na huku, mpaka kofia ikatokea, halafu kichwa kilicholala kifuani.

Wakamlaza juu ya magunia matupu ya unga. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na ule unga ukamshika kila palipo na tope, akawa mtu wa kutisha kumwangalia. Kifua hakikupanda. Kreni akamgeuza, akamsafisha kinywa, akampulizia pumzi, mara moja, mara tatu, mara saba. Mwoka mikate alikuwa anampepea kwa bamba la kuokea, anasema, "Jamani, jamani, jamani." Mama mkwe alishika miguu ya mwanawe kama anayemzuia asiende. Mama Kamba hakusogea pale alipokaa. Aliangalia kifua kile. Mara zote alizomzika kwenye kamba zilikuwa za mazoezi. Sasa hakuwa na kingine cha kufanya ila kuangalia.

Kikapanda.

Kikashuka, kikakaa mno, kikapanda tena, halafu Fuko akakohoa kikohozi kirefu cha tope, na mwoka mikate akaketi chini akaanza kulia yeye.

Mama mkwe alipogeuka kumtafuta mkwewe alimkuta bado ameishika kamba. Kamba haikuwa na mtu tena upande wa pili, ila vidole vilikuwa vimejifunga, havifunguki. Yule mama akasogea akapiga magoti, akaanza kuvifungua kimoja kimoja, kuanzia kidole kidogo. Vingine vilitaka kurudi vyenyewe, akavishikilia.

Zahanati ilikuwa mitaa miwili mbele. Walimpakia kwenye gari la mikate. Mchana ule Fuko alilala na barakoa ya hewa usoni, mke upande huu, mama upande ule, Kreni amesimama mlangoni kwa sababu hakukuwa na kiti cha kumtosha. Barakoa ilipotolewa, mama yake alimwuliza jambo moja.

"Kwa nini huyu hakuniamkia?"

Fuko alimtazama mkewe. Alimtazama Kreni. Alikuwa amechoka mno kuendelea kubeba.

"Kwa sababu yule mwingine aliamkia, mama," akasema. "Kwa mikono miwili."

Akamweleza. Alimweleza polepole, kwa maneno machache, na mama yake alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akainuka, akamwomba muuguzi maji ya uvuguvugu, akakaa karibu na mkwewe, akamchukua viganja vilivyochanika na kuanza kuviosha. Kuomba radhi hakuomba. Aliviosha vizuri tu, akavifunga kitambaa, na alipomaliza alivibakiza mapajani mwake.

Siku ya tisa walirudi uani. Vifaa vyao vilikuwa kule, na mwoka mikate alikuwa ametuma mtu mara mbili. Kwa hesabu yake ilibaki mita moja.

Fuko aliteremsha mshumaa. Uliwaka wima. Akautoa, akauteremsha tena, ukawaka vilevile. Kwa sheria zote, kisima kilikuwa kimesema karibu. Akachukua kamba akaanza kujifunga kiunoni. Fundo likafunguka. Akalirudia, likafunguka tena. Fundo lile amelifunga maisha yake yote. Mkewe aliona anavyojitahidi kumgeuzia mgongo ili asione.

"Nipe kamba," Fuko akasema. "Niko tayari."

"Sikushushi."

"Mshumaa unawaka."

"Nauona."

"Sasa?"

"Sasa sikushushi. Atafutwe mwingine wa kukushusha, mimi kamba hii siishiki."

Kreni aliondoa mikono yake kwenye winchi, akaikunja kifuani. Mwoka mikate akaja mbio. "Mama, mama, mita moja tu! Mita moja! Watu hawana mikate, mimi sina maji..."

"Mita moja tu?" Kreni akamwuliza kwa upole. "Basi shuka wewe, bosi. Mimi nitakuvutia ndoo."

Mwoka mikate alisogea ukingoni akachungulia chini. Aliporudi nyuma hakusema tena habari za mita.

Fuko alikuwa ameketi kwenye kigogo cha mkewe, kamba imelala mapajani. "Nilikuwa nangoja mtu aseme," akasema. "Mimi mwenyewe nisingeweza kusema."

"Najua," mkewe akamjibu.

Walifungua winchi vipande vipande wakaifunga kwenye mkokoteni. Mwezi ule mwoka mikate alifunika kisima kwa zege, akanunua tangi, akawa analetewa maji kwa gari. Fuko bado anachimba, ila vya zamani haviingii tena, na mkewe ndiye anayekwenda kwanza kuangalia kisima, akikikataa, kimekataliwa. Sururu ya Fuko ilibaki kule chini kwa mwoka mikate, ndani ya lile tope jeusi. Hakuna aliyewahi kuiulizia.